Ndege Tusiyemhesabu

Kuhesabu ndege ni kazi rahisi kuiharibu. Tuseme umekaa nyuma ya nyumba yenu asubuhi, na njiwa mmoja ameshuka kwenye majivu. Anadonoa, anaruka, anakwenda kwa jirani, anarudi. Ukimwandika kila anaposhuka, jua likipanda utakuwa na njiwa kumi kwenye kibao chako, na njiwa mwenyewe ni mmoja tu. Kwa hiyo usijumlishe. Tulia, tazama, na mwishoni andika ile idadi kubwa kuliko zote uliyoiona kwa wakati mmoja. Kama mara moja walisimama njiwa wanne pamoja, andika wanne, hata kama moyo wako unakwambia walikuwa wengi zaidi. Huenda umewapunguza, lakini hujamwandika hata mmoja ambaye hayupo.

Hivyo ndivyo monitere wetu alivyotufundisha, Goma, miaka michache kabla ya uhuru. Monitere ndilo jina tulilowaita walimu wa shule ya msingi wakati ule. Yeye alikuwa kijana bado, mtu wa upande wa Butembo, na alikuja kwetu na mke wake, sanduku moja la mbao na koti moja la buluu ambalo alilivaa siku zote, hata siku za joto. Sisi wengi darasani tulikuwa watoto wa familia zinazozungumza Kinyarwanda, baba zetu wametoka Rutshuru na Masisi kutafuta kazi mjini. Nyumbani tulikuwa na lugha yetu, yeye alikuwa na Kinande chake, na shuleni tulikutana katika Kiswahili.

Monitere alipenda ndege kuliko mtu yeyote niliyemjua. Katikati ya hesabu alikuwa akiinua kidole, sisi tunanyamaza, halafu anasema ni ndege gani aliyelia nje. Mtoto mmoja akitumwa dirishani kuhakikisha, alikuta ndivyo. Alikuwa na daftari lake mwenyewe, la jalada gumu, ambamo alibandika manyoya aliyookota njiani na kuandika chini yake siku na mahali. Aliniambia wakati mmoja kwamba alitaka kusoma zaidi, lakini baba yake alikufa na masomo yakaishia pale.

Mwaka ule alikuja shuleni Mzungu mmoja, mtaalamu wa ndege, aliyekuwa amepanga nyumba karibu na ziwa. Alikuwa akiandika habari za ndege wa nchi yetu ya volkeno, na alikuwa ametembea porini kote. Lakini kulikuwa na mahali pamoja palipomshinda, nyuma ya nyumba za watu. Akiingia tu kiwanjani, mbwa wanabweka, watoto wanakusanyika, mama mwenye nyumba anatafuta kiti, na ndege wote wanaondoka. Sisi ndege walituzoea. Kwa hiyo aliomba watoto wa darasa letu wamhesabie ndege wa majumbani, mara mbili kwa wiki, kwa wiki nne, kuanzia kengele ya kwanza ya misa ya asubuhi mpaka ya pili.

Alileta karatasi moja kubwa, iliyopigwa mistari kama dirisha lenye vioo vingi. Upande wa kushoto alikuwa amechora ndege kumi kwa mkono wake, wazuri kabisa, na mbele ya kila ndege kulikuwa na mstari wa visanduku vya kujaza idadi. Kisha alimgeukia monitere akasema kitu kwa Kifaransa. Monitere alitugeukia, akatutafsiria.

"Munasikia, batoto? Bwana anasema, kama hesabu zenu ziko nzuri, ataomba padri aniachilie niende kufanya naye kazi ya ndege." Sauti yake ilikuwa si ya kawaida. "Basi hesabu yenu njo itanibeba. Musinitupe."

Tulicheka kwa sababu alisema "musinitupe" kama mtu aliyepakiwa kwenye kikapu. Lakini tulielewa. Kila mmoja wetu alielewa.

Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote. Karatasi ilikuwa moja tu, na haikuruhusiwa kuchafuka, kwa hiyo watoto walihesabu nyumbani wakaandika kwa chaki kwenye vibao vyao vya shule. Asubuhi walivileta darasani, mimi nikanakili idadi zote kwa wino kwenye ile karatasi kubwa, kisha vibao vikafutwa kwa ajili ya somo la kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na niliionea fahari sana. Wenzangu walinibandika jina la Mwandishi.

Sasa lazima nieleze habari za bibi yangu, maana bila yeye mtu hawezi kuelewa nilichofanya.

Bibi, mama wa baba yangu, tulimwita Nyogokuru. Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuijadili na mtu: kilicho cha nyumba yako hukihesabu. Ng'ombe wako huwahesabu, unawajua kwa rangi na pembe. Watoto huwahesabu, unawajua kwa sura zao. Ukiwahesabu umewatangaza, na kinachotangazwa kinaweza kupunguzwa. Alipokuja karani wa serikali kuandika watu, mimi nilikuwepo mlangoni.

"Mama, uko na batoto bangapi?" karani aliuliza.

"Bako."

"Bangapi?"

"Banatosha."

"Mama, hapa ninatafuta namba."

"Basi andika ile namba yenye kukutosha weye."

Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Alimwinulia karani vidole sita juu ya kichwa cha Nyogokuru, karani akaandika, na kila mtu akabaki na heshima yake.

Kati ya vitu vya nyumba, Nyogokuru aliweka pia ndege mmoja. Ni yule mdogo mweusi na mweupe, anayetembea chini kama mtu mwenye haraka na kutikisa mkia wake mrefu bila kupumzika. Kwa Kinyarwanda anaitwa nyamanza, naye alikuwa mmoja wa wale kumi waliochorwa kwenye karatasi. Kwa watu wa ukoo wa Nyogokuru, na kwa familia nyingi za lugha yetu, ndege huyu hapigwi jiwe, kiota chake hakiguswi, na akiingia ndani anaachwa atembee mpaka achoke. Alikuwa akiingia kwetu kila siku. Alipita kati ya miguu ya bibi, akaokota inzi kando ya jiko, na bibi akamsalimu kama jirani aliyekuja kuomba moto.

Asubuhi ya kwanza ya kuhesabu nilikaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, kibao magotini. Wanawake walikuwa wakishuka kutoka Kanyaruchinya na vibuyu vyao vya maziwa. Shomoro walikuwa kwenye ukuta wa mawe meusi, kunguru wawili juu ya mgomba, na nyamanza watatu wakitembea mbele yangu kwenye mavi ya mbuzi. Nyogokuru alitoka na fimbo yake.

"Unafanya nini hapo kama chura?"

"Nahesabu ndege, Nyogokuru."

"Ndege wa nani?"

"Wa bwana mmoja, Mzungu."

"Ana ndege hapa kwangu?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza, akatafuna kitu alichokuwa nacho mdomoni, akatazama pale chini.

"Kunguru, mhesabu. Mwewe, mhesabu mpaka aanguke. Lakini hawa wa nyumbani waache. Au na mimi utaniandika hapo?"

Niliwaacha. Kwangu lilikuwa jambo la wazi kabisa. Darasani nilikuta kwamba wenzangu wengi walifanya vilevile, bila kuambiana. Kwenye vibao vyao kulikuwa na njiwa, shomoro, kunguru, na wale wa manjano wanaosuka viota, lakini mahali pa nyamanza palikuwa patupu.

Isipokuwa vibao vichache. Kimoja kilikuwa cha rafiki yangu wa benchi, mtoto wa mfanyabiashara aliyetoka Butembo, mtoto wa kelele nyingi na moyo mwepesi.

"Kwetu balikuwa saba!" aliniambia akinipa kibao. "Saba, bote juu ya mabati, wakati moja."

"Ule hahesabiwi," nikamwambia.

"Nani anasema?"

"Njo vile. Ni wa nyumba. Weye unaweza kuhesabu mama yako?"

"Mama yangu?" Alifikiri. "Moja."

Benchi zima lilianguka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilianza kumweleza polepole, jinsi ninavyopenda kueleza mambo mpaka leo: kwamba kuna vitu vya kuhesabu na vitu vya kukaa navyo tu, na kwamba hata karani wa serikali alishindwa na bibi yangu.

"Kumbe!" akasema. "Munaogopa kandege kenye kanatikisa matako!"

"Hatuogopi. Tunaheshimu."

"Haya, Mwandishi. Lakini miye niliona saba."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Monitere alikuwa ametuonya kwamba kisanduku kitupu ni mtoto aliyelala, kila kisanduku lazima kiwe na kitu. Nilitazama kile kisanduku cha nyamanza, kisha nikaandika sifuri. Nikaandika sifuri kwa rafiki yangu, sifuri kwa wale wengine waliomhesabu, sifuri kwangu mwenyewe. Niliona nimepata njia nzuri sana. Kisanduku kimejaa, na ndege wa nyumba hajatangazwa. Kisha nikachukua kitambaa chenye maji nikafuta vibao.

Wiki nne nilifanya hivyo, na sifuri zangu zilikuwa za duara safi.

Watu niliowasimulia habari hii huniuliza kwa nini monitere hakuziona. Ni swali zuri. Jibu ni kwamba aliniamini. Asubuhi zile alikuwa kwenye benchi za wadogo wetu, akiwaonyesha jinsi ya kutofautisha mwewe na kunguru wakiwa mbali. Alisema ataikagua karatasi yote mwishoni. Lakini wiki ya mwisho mke wake alishikwa na uchungu, na ulikuwa uzazi mgumu. Siku mbili monitere alikimbia kati ya hospitali na shule. Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Asubuhi iliyofuata alikuja darasani na macho mekundu na furaha kubwa, akaitandaza karatasi juu ya meza, akasema, "Aksanti, Mwandishi, mwandiko kama wa kitabu," akaweka sahihi yake chini akiwa amesimama.

Yule mtaalamu alikuja mwishoni mwa wiki ileile pamoja na padri mkuu wa shule, naye Mzungu. Tulisimama tukaimba wimbo wa kukaribisha. Alikaa kwenye kiti cha monitere, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa kidole. Mwanzoni aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kidole kikashuka, kikasimama. Kikaenda pembeni, kisanduku baada ya kisanduku, mpaka mwisho wa mstari.

Akainua uso akatazama dirishani. Pale nje, kwenye uwanja wa shule, nyamanza wawili walikuwa wakitembea kando ya bomba la maji.

"Monitere," akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tusikie. "Ile ndege pale, unaijua?"

"Ndiyo, bwana."

"Mimi naiona kila siku, kutoka hapa mpaka Bunagana. Kila nyumba. Na hapa, wiki nne, batoto bote, sifuri?"

Monitere aliinama juu ya karatasi. Nilimwona akisoma mstari ule mara moja, kisha mara ya pili. Mgongo wa koti lake la buluu ulikuwa umetuelekea na haukusogea.

"Kuna kosa," alisema.

"Kosa ya nani?" Mtaalamu hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Labda batoto hawakuhesabu. Labda mutu alikaa kwa meza yake akajaza. Mimi sijui. Lakini kama mustari moja ni uongo, nitaamini namna gani hii ingine?"

Monitere alitugeukia. "Batoto. Nani alimuona ndege ule kwao?"

Wengi walikuwa wakiangalia meza. Padri mkuu alikuwa amesimama pale, padri aliyempigisha magoti mtoto mmoja mwezi uliopita kwa sababu alivaa hirizi ya nyanya yake. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema mambo ya kwao.

Mkono mmoja uliinuka kando yangu.

"Miye," rafiki yangu alisema. "Niliona saba. Niliandika saba."

Padri alimtazama, kisha akamuuliza monitere kwa Kifaransa chepesi ambacho hata sisi tulikielewa: "Mtoto huyu ni wa kwenu?"

"Ni wa upande wetu, padri, lakini..."

"Basi," padri akasema.

Nilielewa maana ya ile basi. Kati ya darasa zima aliyesema ni mtoto mmoja tu, naye ni wa lugha ya monitere. Ilionekana kama amefundishwa la kusema.

Monitere alinitazama mimi. Hakuwa na macho ya kunitisha. Alikuwa na macho ya mtu anayemgeukia shahidi wake.

"Mwandishi, ku kibao chake kulikuwa nini?"

Nilisimama. Nilijua la kusema, na lilikuwa fupi. Ningesema: monitere, walikuwepo, niliwatoa mimi, kwa sababu kwetu ndege huyu hahesabiwi. Lakini nilimwona padri. Nyogokuru alikuwa akisoma katekisimu ili abatizwe, na padri alikuwa amekwisha kumrudisha mara moja aendelee kujifunza. Nikamwona bibi akisimamishwa mbele ya watu na kuulizwa habari za ndege wake. Hivyo ndivyo nilivyojieleza kwa miaka mingi, kwamba nilimlinda bibi. Sasa mimi ni mzee kuliko alivyokuwa yeye, na naweza kusema sehemu iliyobaki: niliona pia Wazungu wawili wakinitazama mimi, mwenye mwandiko mzuri, na sikutaka wanione mshenzi.

"Hakukuwa kitu, monitere," nikasema.

"Muongo!" rafiki yangu alinong'ona. "Muongo weye!"

Padri alimwambia apige magoti mbele ya ubao. Alipiga magoti. Mtaalamu alikunja karatasi yake, akampa monitere mkono kwa adabu, akaondoka. Somo lililofuata lilikuwa jiografia, na monitere alifundisha mito ya nchi yetu kwa sauti ileile ya siku zote.

Kazi ya ndege haikutajwa tena. Baada ya wiki mbili tukasikia kwamba monitere anahamishwa kwenda kwenye shule ya kanisa dogo huko milima ya Masisi, na kwamba lori litamchukua na familia yake Jumatatu.

Jumamosi alizunguka kuaga wazazi. Alifika kwetu jioni, jua bado liko juu ya ziwa. Nyogokuru alimpa kigoda, mama akamletea maziwa. Walizungumza habari za mtoto mchanga, jinsi anavyonyonya, jinsi anavyolala. Nyamanza mmoja alitoka ndani ya nyumba akapita mbele ya viatu vyake.

"Mama," monitere akauliza, kama mtu anayetafuta tu la kusema, "hawa hapa kwako ni wangapi?"

Nyogokuru alicheka. "Monitere! Na weye? Hawa ni wa nyumba."

"Na wajukuu zako, mama?"

"Wapo."

"Wangapi?"

"Wanatosha."

Monitere alicheka naye, kicheko kirefu cha kweli. Halafu kicheko kikakatika katikati. Aliweka kikombe chini, akageuza kichwa polepole mpaka akanipata pale nilipokuwa nimesimama, kando ya ukuta wa mawe.

Alinyanyuka akaja. Alisimama karibu nami, mgongo wake kwa wengine.

"Juu ya nini haukuniambia?"

Nilitazama viatu vyake.

"Mimi siko mutu wa hapa," alisema. "Sikujua. Ungeniambia tu. Tungeandika pembeni: huyu yupo kila nyumba, lakini watu wa hapa hawamhesabu, kwa sababu ni mutu wa nyumba. Ule bwana angefurahia maneno hayo kuliko namba zote. Hiyo nayo ni elimu, mwanangu. Kujua kwa nini mutu hakuhesabu, hiyo nayo ni elimu."

Nilianza kulia. Alinishika bega.

"Usilie. Haijaisha. Bwana bado yuko pale kwa ziwa. Kesho, misa ikiisha, nitakungojea ku barabara, pale mbele ya mukaratusi. Tutaenda wawili. Hautasema mengi. Utamweleza vile unajua kueleza, polepole. Mimi nitatafsiri kama utashindwa. Sawa?"

"Sawa, monitere."

"Hakuna mutu atakupiga. Na mama huyu hatapata shida, nitasema naye padri mimi mwenyewe."

"Sawa."

Alirudi kwenye kigoda chake akamaliza maziwa.

Kesho yake nilienda misa. Ilipoisha sikupita barabarani. Nilizunguka nyuma ya nyumba za Murara, nikaingia kwenye migomba yetu, nikakaa katikati ya mawe mahali ambapo barabara inaonekana na anayekaa haonekani. Nilijiambia ninapumzika kidogo tu, nitatoka. Monitere alikuwa tayari amefika. Koti lake lilikuwa limepigwa pasi, na kwapani alikuwa na lile daftari la manyoya. Nilielewa kwamba alitaka kulionyesha.

Alingoja. Watu wa misa walipita wakamsalimu, naye akawajibu, akatazama upande wa kwetu. Watoto walipita, akawauliza kitu, wakatikisa kichwa. Barabara ikabaki tupu. Alikaa juu ya jiwe, akasimama, akajipangusa vumbi nyuma. Kila mara nilisema nitahesabu mpaka kumi halafu nitoke, na nilihesabu vizuri sana, mpaka kumi, mara nyingi.

Nataka kusema kitu hapa kwa kijana yeyote anayesoma, kwa sababu nimewaona wanafunzi wengi wakikaa kwenye migomba ya namna ile. Usidhani unahitaji moyo mkubwa. Mimi nilihitaji hatua chache tu, labda ishirini, na mtu mwenye upole aliyekuwa akinisubiri mwishoni mwake. Nilichokiogopa hakikuwa hata pale. Pasaka iliyofuata, Nyogokuru mwenyewe, katikati ya katekisimu, alimweleza padri yuleyule habari zote za nyamanza, na padri akacheka mpaka akafuta macho, akambatiza.

Lakini hiyo ilikuwa Pasaka iliyofuata. Siku ile monitere alitazama jua, akaweka daftari vizuri kwapani, akashuka peke yake kuelekea ziwani. Alikwenda na nini cha kusema, sijui. Neno lake peke yake lilikuwa limekwisha kukataliwa. Mtu pekee aliyeweza kulithibitisha alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani makavu ya migomba.

Alirudi kabla ya saa sita. Hakuwa anatembea haraka wala polepole. Alipofika mbele ya kiwanja chetu alisimama, akavua kofia, akamsalimu Nyogokuru aliyekuwa akichambua maharage mlangoni. Aliulizia afya ya baba. Hakuniulizia mimi. Kisha akaendelea na njia yake, mpaka koti la buluu likapotea kwenye kona.

Nilitoka kwenye migomba nikaja kukaa karibu na bibi.

"Monitere amepita," akaniambia. "Nimemkaribisha, amekataa kuketi. Ana nini?"

"Sijui, Nyogokuru," nikasema, nikachukua maharage kiganjani nikaanza kumsaidia kuchambua.